Minyaa ya Litapunga

Litapunga, Mpanda
14 Septemba 1997

Mdogo wangu Masele,

Mwangaluka. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu ya kuisoma mpaka mwisho, maana mimi imenichukua siku mbili kuiandika. Mkono uliojifunza kalamu kwenye kisomo cha watu wazima haukimbii. Mimi ni mzima. Binti yangu Monika naye ni mzima huko Nsemulwa kwa mumewe, amejifungua mtoto wa kike na wamempa jina langu, maskini mtoto. Kuku wangu wameisha kwa mdondo, wamebaki wawili wanaotazamana tu. Mama umpe salamu zangu, umwambie mguu haunisumbui sana kiangazi hiki.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Melkior, si mtu mbaya. Alikuja juzi, akakaa kwenye kigoda, akanywa maji, akazungumza habari za mvua, na mwisho akalitoa lililomleta. Jirani yangu Thadei ameomba apewe eneo langu. Hoja yake ni kwamba mwanamke wa Kisukuma akifiwa na mume hurudi kwao, na ardhi ya aliyeondoka ni ya kijiji. Nilimwambia Melkior kwamba sijaondoka, ananiona nimeketi mbele yake.

Akasema, "Mama, mimi nakuona. Lakini boma lako ni la miiba. Boma la miiba ni la mtu wa kupita."

Ni kweli. Kila tulipohamia na marehemu mume wangu Malale tulikata miiba tukazungushia, mchwa wakala, tukahama. Amenipa msimu mmoja. Mahindi yakishavunwa atakuja kutazama. Akikuta nimepanda ua unaoishi, eneo ni langu na hakuna wa kuuliza. Asipoukuta, Thadei ataingiza jembe lake mpaka kwenye kaburi la Malale.

Kwa hiyo nakuomba unikatie minyaa kwenye ua wa baba, mzigo mmoja wa kubebeka, umpe Obadia yule anayenunua asali huku na kuiuza huko kwenu. Yeye hupanda treni hapo Malampaka mara kwa mara. Huku minyaa ipo kwa watu, lakini unayakumbuka maneno ya baba: mnyaa hauombwi kwa jirani, siku mkigombana atakwambia ua ni wake. Nijibu kabla mvua hazijaanza.

Dada yako,
Nyanzala


Maswa
26 Oktoba 1997

Dada Nyanzala,

Pokea salamu kutoka kwa kila mtu wa mji huu, wakubwa kwa wadogo. Barua yako imefika ikiwa imelowa upande mmoja, ila inasomeka. Hongera kwa kupata mjukuu na wajina. Sisi ni wazima, tatizo ni uchovu. Pamba imejaa ghalani, lori halijaja, na kwa kuwa karani wa chama cha msingi ni mimi, kila mkulima mwenye hasira anaijua njia ya kuja kwangu. Mama yupo. Jicho la kushoto lilishakwisha kama unavyojua, la kulia linamtosha kuona njia. Kila siku ananiuliza Nyanzala anarudi lini, nami leo nakuuliza wewe.

Kuhusu ombi lako, nimelipokea na nimelitafakari. Nasikitika kukujulisha kuwa lina ugumu. Ua wa baba hutolewa kwa mtoto wa kiume anapokwenda kuanza mji wake. Marehemu kaka alipewa. Kwa binti sijapata kusikia, binti huingia kwenye ua wa mumewe. Kama Malale, Mungu amrehemu, hakupanda ua miaka yote hiyo, sababu aliijua yeye. Pia Obadia hajaonekana huku siku nyingi. Pia minyaa yenyewe imezeeka.

Dada, fungasha vitu vyako. Uje na ng'ombe waliobaki. Chumba chako kipo, nitakiezeka upya. Mwacha asili ni mtumwa, na sisi hatujakufukuza.

Ndugu yako,
Masele


Litapunga
23 Novemba 1997

Mdogo wangu karani,

Nimezipata salamu za wakubwa kwa wadogo, nami nazirudisha kwa mpangilio huo huo. Wajina wangu ameanza kucheka. Mvua zimeanza mapema na kwa fujo, nyumba inavuja penye kitanda tu, kwingine kote pakavu.

Umenipa sababu tatu. Mtu mwenye sababu ya kweli huitoa moja akanyamaza. Hata hivyo sikukasirika, umri wa kukasirika umenipita. Umetaja ng'ombe. Habari za ng'ombe nitakuandikia siku nyingine.

Baba alikataza kuomba. Kununua hakukutaja. Basi nimenunua.

Yupo mama mmoja kule Kasokola, Mrundi, anaitwa Thacienne. Alivuka na wazazi wake mwaka wa sabini na mbili, akiwa msichana, wakikimbia. Sasa ana kishamba chake, kidogo sana, robo ni mihogo na kilichobaki chote ni minyaa, mifupi mbele na mirefu nyuma, kama watoto wa shule mstarini. Kwao kila mji huzungushiwa minyaa kama kwetu, hilo sikulijua. Nilimuuliza nani ananunua mti ambao ng'ombe hawali wala mtu hapiki. Akasema watu wengi wa huku ni wageni, na kila mgeni kuna siku anachoka kuwa mgeni.

Alinikatia mzigo mzuri, akaufunga kwa kamba za magome, akaniambia nijihadhari utomvu usiniingie machoni. Kisha akaanza kunielekeza namna ya kupanda. Nikamkatiza. Nilimwambia, "Mama, mimi ni Msukuma. Nimezaliwa ndani ya minyaa." Akatabasamu, akaniacha. Mume wa Monika alinibebea mzigo kwa baiskeli, na jua halijazama tukawa tumekwisha kuipanda yote, kuanzia kisimani mpaka nyuma ya kaburi. Mvua ikanyesha juu yake usiku kucha. Nilishukuru Mungu.

Mwambie mama nina ua.

Nyanzala


Maswa
11 Januari 1998

Dada Nyanzala,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeanza vibaya. Mvua hii redio wanaiita El Nino. Sisi tunaiita mvua, lakini haikatiki. Mto umeacha njia yake na maji yamefika kwenye zizi. Magunia ya mtama tumeyapandisha darini. Watoto wanakohoa.

Habari ya kununua ua sikuifurahia na nakwambia wazi. Ua haununuliwi kama sufuria. Tena umenunua kwa mtu ambaye hatumjui kwao wala ukoo wake. Watu wa hapa wakiniuliza dada yako amezungushia nini, nitasema nini?

Obadia alipita hapa mwezi uliopita, mimi nikiwa ghalani. Sikuonana naye. Mama alipata tatizo dogo la jicho, sasa ametulia, usiwe na wasiwasi. Anauliza unarudi lini. Kuhusu ng'ombe hukujibu.

Masele


Litapunga
1 Machi 1998

Mdogo wangu Masele,

Poleni kwa maji. Huku pia daraja la mtoni lilikwenda na barua yako ilikaa kwa Monika wiki nyingi, hakuna mtu wa kuvuka nayo. Wajina anakaa mwenyewe sasa. Mimi nimepata homa na imepita.

Minyaa imeoza. Nimetafuta namna nzuri ya kuliandika nikakosa. Mwezi mzima ilikuwa kijani juu, nami kila asubuhi nazunguka nikiitazama kama mwenye mali. Kisha mmoja ukainama. Nikaushika, ukatoka ardhini bila kubisha, na chini ulikuwa mweusi na laini kama ndizi iliyosahauliwa. Nikashika wa pili, hivyo hivyo. Thadei alikuwa upande wa pili akipalilia karanga zake. Aliniamkia kwa heshima kuliko siku zote, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nilikwenda Kasokola kugombana. Niligombana peke yangu, maana Thacienne alikaa akisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, "Uliipanda siku gani?" Nikamwambia siku ile ile, tena jua halijazama. Akatikisa kichwa.

"Mama, mnyaa ukikatwa una kidonda. Ukiufukia na kidonda kibichi, unaoza. Ulaze kivulini kwanza mpaka kidonda kikauke, wiki mbili, wiki tatu, ndipo uupeleke ardhini."

Hilo ndilo alilotaka kuniambia siku ile nikamtajia Usukuma wangu. Masele, wewe na mimi tumezaliwa ndani ya minyaa na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona ikipandwa. Tuliikuta imesimama. Tulijua kuchunga ng'ombe wasitoke ndani yake, tulijua kujificha tukiitwa, basi. Tumejiita wenye ua miaka yote na ua wenyewe hatuujui. Thacienne alinikatia mzigo mwingine, safari hii nikauweka kivulini nyuma ya jiko na nikakaa mbali nao.

Mzigo huo ungali kivulini, Obadia akaja. Alikwama Tabora wiki nyingi akingoja treni, wanasema reli ilibebwa na maji huko mbele, na muda wote huo alikuwa na gunia aliloligeuza mto wa kulalia. Alinipa kwa haya, akasema aliona bora alitupe lakini akaogopa laana. Ndani palikuwa na minyaa ya kwetu. Imesinyaa, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa. Nikatazama palipokatwa, pamekauka na kuwa pagumu kama kwato. Nikakaa chini nikalia mbele ya mgeni, na baada ya kulia nikachukua jembe.

Nimeipanda yote, na ya Thacienne ilipokuwa tayari nikaipanda pia. Sikutenga. Popote palipokuwa na nafasi niliweka mmoja.

Obadia anasema mama alimwita ndani wewe ukiwa ghalani. Anasema mama alikata mwenyewe, kwa kisu cha jikoni, kwa kupapasa, na kwamba alikuwa amefunga macho kwa khanga lakini khanga ilianguka. Zaidi ya hapo hakutaka kusema. Jicho la mama ni tatizo dogo la namna gani? Nijibu hilo peke yake, mengine yaache.

Nyanzala


Maswa
19 Aprili 1998

Dada Nyanzala,

Tunakusalimu. Maji yameanza kushuka.

Jicho la kulia halioni tena. Hospitali wamesema ni utomvu, na kwamba tulichelewa kumpeleka, na tulichelewa kwa sababu barabara ilikuwa mto. Sikukuandikia kwa kuwa najua wewe hubeba mambo. Mimi nilikataa kuutoa ule ua kwa mdomo wangu. Yeye hakubishana nami hata kidogo, alisubiri niende kazini. Sitaki kusema ni kwa ajili yako. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nimeiandika tena, iache hapo.

Sasa sikuiti kwa ajili ya mila. Niliandika habari za mila kwa kuwa karani hajui kuandika kwamba amechoka. Nimechoka, dada. Mke wangu amechoka. Mama anahitaji mkono kwenda chooni, mkono kurudi, mkono wa kumtafutia kijiko. Asubuhi nikiondoka ananiuliza Nyanzala anarudi lini, jioni nikirudi ananiuliza hivyo hivyo. Njoo. Hata bila ng'ombe, njoo.

Masele


Litapunga
30 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Umengoja jibu miezi minne na najua umeninung'unikia, una haki. Niliisoma barua yako nikaikunja, nikaisoma tena. Nisingeweza kuja na nisingeweza kukwambia siji. Ningeondoka mwezi wa tano, Melkior angekuta mji mtupu na minyaa michanga isiyo na mwenyewe, mambo yangekuwa yamekwisha. Basi nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda kubeba, kuliko hata kilimo.

Melkior alikuja baada ya mavuno. Alizunguka ua wote kwa miguu, akaubonyeza hapa na pale, mingi imeshika na inatoa vidole vipya. Akamwita Thadei akamwonyesha mahali jembe lake linapoishia. Thadei akasema sawa. Si mtu wa maneno mengi, na mimi sina kinyongo naye, ana watoto wengi. Hata alinisaidia kutoa kisiki kilichokuwa kwenye mstari.

Ng'ombe waliisha zamani, Masele. Mbung'o wa huku waliwamaliza kabla Malale hajafariki, na yeye aliwafuata nadhani kwa huzuni. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka unite mimi, si ng'ombe. Sasa umeniita bila wao, nami nakuja. Nitapanda treni Obadia akirudi, nitakaa na mama kiangazi hiki.

Nyanzala


Maswa
5 Septemba 1999

Dada Nyanzala,

Ni karibu mwaka tangu ulipotuacha na leo ndiyo barua yangu ya kwanza. Usidhani ni hasira tu, ingawa hasira ilikuwapo. Ulipokuja mwaka jana na kukaa wiki zile zote ukimwogesha mama na kumsuka, mimi nilijua umerudi. Niliezeka kile chumba. Mvua ya kwanza ilipodondoka tukakuta umekwenda kwenye treni alfajiri, khanga yako mpya umemwachia mama begani. Hukusema kwamba unaondoka, na mimi sikuwa nimekuuliza. Nadhani wote wawili tuliogopa jibu.

Watoto wanaendelea na shule. Mke wangu anakusalimu, anasema hakuna anayemwogesha mama akacheka kama ulivyofanya wewe.

Jambo lenyewe ni hili. Ulipokuwa hapa uliona ua wa baba. Ule wa upande wa mto ulisimama ndani ya maji miezi ile yote ukaoza wote, na ule wa upande wa njia ulikufa polepole baadaye. Uliona na hukusema neno, nami nilikushukuru kimoyomoyo. Mwaka huu hakuna hata mmoja uliobaki. Nimezungushia miiba. Mimi, mwana wa baba, nakaa katika boma la miiba kama mtu wa kupita.

Minyaa imejaa kijijini kwenye miinuko, ningeweza kuomba. Mama amekataa. Anasema ya baba ipo, iko Litapunga, niandike barua. Nimekaa na kalamu siku nyingi. Niliyekunyima ndiye ninayekuomba, na sina sababu tatu za kukupa, ninayo moja tu, kwamba hatuna. Kama inakatika bila kuumiza ua wako, tukatie.

Ndugu yako,
Masele


Litapunga
17 Oktoba 1999

Mdogo wangu Masele,

Mwangaluka, na pole kwa miiba. Wajina wangu anatembea na anavunja vyungu. Monika ana mimba nyingine. Mimi mguu umerudia ugonjwa wake, nazunguka ua kwa fimbo.

Obadia anakuletea gunia. Nimekata mzigo wa kutosha kuzungushia upande wenu wa mto na wa njia. Ua haukuumia, Thacienne alikuja mwenyewe kutoka Kasokola kunionyesha pa kukata, na alinifunga kitambaa machoni mpaka puani nikawa naona miguu yangu tu.

Nina jambo la kukwambia na usimkasirikie Obadia kwa hilo. Nilitaka kukukatia ile ya baba peke yake. Nilizunguka nikaangalia, nikamwita Thacienne naye akaangalia. Hatukuweza. Imeshikana na kulingana, huwezi kujua ni upi ulilala Tabora na upi ulitoka Kasokola. Nimekata popote. Kwa hiyo ua wa baba utakuwa na wa Thacienne ndani yake, na kama nyie huko mtaweza kutambua ya baba ni ipi, mnijulishe na mimi. Watu wakikuuliza umezungushia nini, sema minyaa.

Usiipande siku itakapofika. Najua utataka. Ilaze kivulini, kidonda kikauke.

Sasa lile ambalo sikulisema nilipokuwa hapo. Nililala chumba kile ulichokiezeka, na kila usiku nilijiambia kesho nitamwambia Masele. Sirudi. Si kwamba siwapendi. Nimehama na mume wangu mara tatu, kila mahali nimeacha majivu ya jiko langu, na nimechoka mpaka ndani ya mifupa. Malale ndiye aliyetangulia kuacha kuhama, alipolala hapa. Nami nimeacha. Mlete mama kwangu akitaka, nitamwogesha mpaka siku yangu au yake. Asipotaka, nitakuja kila kiangazi nikiwa na nguvu ya kupanda treni. Lakini nitakuwa mgeni wenu, Masele, na mgeni huaga. Safari ijayo nitaaga.

Umsomee mama barua hii. Au pengine hapo pa mwisho uparuke, sijui. Wewe ndiye unayekaa naye.

Nyanzala


Maswa
28 Novemba 1999

Dada Nyanzala,

Salamu kutoka kwetu, na mguu wako tumeusikitikia. Obadia amefika salama, treni safari hii haikumlaza njiani. Gunia limefika na hakuna kilichovunjika.

Nilimsomea mama barua yako jioni, tukiwa tumeketi nyuma ya jiko. Alicheka kwa habari ya wajina na vyungu. Alisikia habari ya minyaa kuchanganyika, nami nilitegemea akasirike, akasema tu kwamba huyo mama wa Kasokola apelekewe salamu. Nilipofika pale pa mwisho nikaruka, nikasoma jina lako nikakunja karatasi.

Akaniambia, "Soma na hapo ulipoparuka."

Nikafungua nikasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Najua kwamba harudi. Ndiyo maana nilimkatia."

Nilimuuliza, sasa mbona miaka yote hii unanichosha kila siku, Nyanzala anarudi lini, Nyanzala anarudi lini. Akasema kuuliza ni kuuliza.

Haji huko Litapunga, anasema amezoea njia za hapa kwa miguu yake. Atakungoja kiangazi. Minyaa nimeilaza kivulini kama ulivyosema. Kila asubuhi anapita na fimbo yake, anainama, anapapasa mmoja mmoja palipokatwa. Nimemwambia ajihadhari na utomvu, akanijibu macho yake hayana tena cha kupoteza. Leo nimemuuliza kama tayari tunaweza kupanda.

Amesema bado.

Ndugu yako,
Masele